Jirani wa mdogo wetu kule Idodi



Mmetuuliza sana tumepotelea wapi mwezi uliopita, maana hata mapishi ya Ijumaa hatukuyaweka. Tulikuwa Idodi. Na msione haya kuuliza Idodi ndiyo wapi, kwa sababu na sisi tuliuliza hivyo hivyo siku ile ilipoletwa posa. Ni mkoa wa Iringa, Nyanda za Juu Kusini, kwenye barabara inayokwenda Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mdogo wetu, yule ambaye baadhi yenu mliila biriani ya harusi yake, mumewe ni fundi wa magari ya watalii, na kazi yake humlaza hifadhini siku nne tano kwa wiki. Nyumba wamepanga Idodi kijijini. Bi harusi wa Mjini, aliyezoea kutoka mlangoni akakuta duka la kahawa, sasa akitoka mlangoni anakuta shamba la mpunga.

Tulisafiri dada wawili. Boti, tukalala Dar es Salaam, basi la alfajiri, twiga wa Mikumi tukawaona kwa dirishani, mlima wa Kitonga tukaupanda tumefumba macho tunavuta uradi. Iringa mjini baridi kweli. Kila mtu alituambia tuchukue masweta, tukachukua mawili mawili, kisha kumbe ukishateremka kuelekea Idodi ni bondeni, joto kama la kwetu, vumbi tu ndiyo limezidi. Masweta yamerudi Unguja hayajavaliwa.

Hatukwenda kutembea. Mdogo wetu alikuwa amepoteza mimba yake ya kwanza, miezi mitano baada ya harusi. Kwenye simu kila siku alikuwa akisema "alhamdulillah, nipo sawa," na mama akasema sauti ile anaijua tangu mtoto huyu ana miaka minne, si sauti ya mtu aliye sawa. Basi akatufungia mkate wa ufuta na halua, akatwambia nendeni mkamwangalie.

Tulipofika, mtu wa kwanza kutupokea hakuwa mdogo wetu. Alikuwa mama wa nyumba ya pili, mtu mzima, kajifunga kitenge, mkononi kamshika jogoo mzima mzima miguu juu. "Kamwene," akatwambia, ndiyo salamu ya Kihehe, na sisi tukasema shikamoo mama. Marahaba. Akamkabidhi shemegi yule jogoo akasema, "Nimemleta akiwa hai, mchinje wenyewe mnavyochinja." Akaenda zake. Tukatazamana. Bado hatujavua baibui na tayari tumeshafanyiwa adabu ambayo hata jirani wa kwetu mwingine haiwazi.

Mama huyu ni Mkristo, Mlutheri, na anasomea uinjilisti. Hilo mdogo wetu alitwambia usiku ule, na tukiri kwenu kwamba lilitutia wasiwasi. Mtoto wa watu yuko peke yake, mume yuko porini na magari, moyo umevunjika, na anayeingia na kutoka nyumbani kwake kila siku ni mwanamke anayesomea kuhubiri. Nyinyi mngefikiri nini? Tulifikiri hicho hicho. Tukaamua tukae macho.

Basi tukakaa macho, na tulichokiona ndicho hiki tunachowaandikia.

Kila usiku kama saa tatu, vyombo vya nyumba ile vikishaoshwa na watoto wakishalala, taa ndogo ya sola ilikuwa ikiwaka barazani kwake. Mshumaa haupendi kabisa. Idodi watu hawajausahau moto wa Agosti 2009, ulipoungua bweni la wasichana wa sekondari wakafa wanafunzi 12, na taarifa za wakati ule zikataja mshumaa. Hapo kijijini ukizungumza habari ya kusoma usiku, lazima mtu mmoja atauliza unasoma kwa taa gani. Chini ya taa ile mama alifungua kitabu kilichovikwa jalada la gazeti, na daftari pembeni, akaandika mpaka saa nne na nusu, pengine saa tano. Asubuhi saa kumi na moja yuko shambani.

Shambani nako kitabu kinakwenda. Mpunga ukishaanza kukomaa lazima mtu ashinde anafukuza ndege, la sivyo wanakuachia majani. Siku moja tulimfuata na chai. Alikuwa amekaa kwenye kichanja, anasoma mistari mitatu, anapiga debe na kupiga ukelele, anarudi kwenye mistari yake. Tukacheka naye. Akasema somo hilo la Agano la Kale analijua kwa sauti za kwelea kwelea.

Ana elimu ya darasa la saba. Chuo cha kulala hawezi, tena amekwisha kulipima jambo hilo pande zote: shamba nani atalima, watoto nani atawapikia, mama mkwe aliye kitandani nani atamgeuza. Lakini kanisa lao kule vijijini linategemea watu kama yeye. Alivyotufahamisha, usharika mmoja una mitaa kadhaa, kila mtaa na kanisa lake dogo, na mchungaji ni mmoja tu anayezizungukia zote. Jumapili nyingi mchungaji yuko kwengine. Anayesimama mbele ni mwinjilisti au mzee wa kanisa: anaongoza ibada, anafundisha watoto wa kipaimara, anatembelea wagonjwa, na mtu akifa anazika. Chakula cha Bwana hawezi kutoa, hiyo ni kazi ya mchungaji. Mama huyu alikuwa akiyafanya mengi ya hayo miaka na miaka kwa kusikia na kuiga tu. Sasa anayasomea, hapo hapo alipo.

Wao huiita elimu ya theolojia kwa enezi. Tuliporudi nyumbani tuliisoma habari yake tukakuta imeanzia mbali: Guatemala, Amerika ya Kati, mwaka 1963. Chuo kimoja cha Wapresbiteri kiliona kwamba vijana wanaoletwa chuoni wakishahitimu hawarudi tena mashambani, na wale wazee ambao vijiji vinawasikiliza na vinawaheshimu hawawezi kuacha mashamba yao kuja chuoni. Wakaugeuza mpango, masomo yakamfuata mtu kwake. Ukaenea nchi nyingi, na Afrika Mashariki ukafika.

Lakini namna yenyewe inavyokwenda mama alitufahamisha vizuri kuliko tulivyosoma. Kitabu chake kimeandikwa kidogo kidogo. Kipande kifupi, kisha swali, kisha nafasi ya kuandika jawabu lako, na jawabu lenyewe liko ukurasa wa nyuma ujisahihishe. Ukikosea unarudi. Kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumamosi, wanafunzi wote wa upande ule wanakutana na mwezeshaji. Mwezeshaji hatakiwi kuhutubia. Anauliza: umesoma nini, na umekifanyia nini? Kwa sababu kila somo lina kazi yake, nenda kamtembelee fulani, fundisha hiki Jumapili, njoo utueleze kilichotokea. "Ni kama reli," alisema mama. "Chuma kimoja kitabu, chuma cha pili kazi, na mataruma ndiyo Jumamosi zetu. Ukiondoa kimoja treni haipiti."

Mumewe hapendezwi. Si mtu mbaya, ila kila wiki anauliza swali moja, atalipwa nini? Mchungaji ana posho, mwinjilisti mara nyingi anapewa mahindi na kuku wakati wa mavuno. Jumamosi moja tuliyokuwepo baiskeli ilifungiwa ndani na ufunguo haukuonekana. Mama akatoka kwa miguu saa kumi na moja alfajiri, kitabu kwenye mfuko wa rambo. Hatukusikia akilalamika. Alirudi magharibi, akapika.

Sasa turudi kwa bi harusi wetu.

Siku ile mimba ilipotoka shemegi alikuwa hifadhini, simu haishiki. Aliyesikia ni jirani. Alikodi bodaboda, akamshika mdogo wetu katikati yake na dereva, mpaka kwenye zahanati, na akarudi naye usiku. Akalala naye siku mbili. Mdogo wetu anasema katika siku zile mama hakumhubiria neno hata moja. Alimpikia uji, akafua, akakaa. Tulimuuliza mama mbona hakusema kitu, maana sisi wenyewe tunajua ndimi za watu kwenye msiba zinavyokimbia, kila mmoja na mawaidha yake. Akasema alikuwa amemaliza juzi yake somo la kumtembelea aliyefiwa, na kazi waliyopewa ilikuwa kuandika kile mfiwa alichosema. "Ukirudi na karatasi imejaa maneno yako mwenyewe, umefeli."

Wapenzi, tulinyamaza kimya sisi.

Na usiku wa tatu ndipo mdogo wetu akatwambia jambo lililotukata. Tulikuwa tumejilaza watatu kitanda kimoja kama zamani. Akasema, "Dada, nimeanza kusali Ijumaa iliyopita. Arubaini yangu imekwisha." Tukamuuliza, damu ilikaa siku ngapi? Akasema siku tisa, ya kumi alikuwa safi kabisa.

Siku ya kumi safi, na akakaa mpaka ya arubaini bila ya sala.

Wale mnaojua mmeshafahamu. Nifasi haina kiwango cha chini. Damu ikikatika, mwanamke anaoga josho lake anasali, hata ingekuwa siku tatu. Arubaini ni desturi ya mapumziko, mama zetu wanatukandika maji ya moto na kutulisha pilipili manga, na hilo ni jema, lakini sala haingoji arubaini. Mdogo wetu alisoma chuoni, alikhitimu. Mlango wa twahara aliusoma akiwa na miaka kumi na moja, kwa kuimba, wakati ambao maneno yale hayana maana yoyote kwa mtoto. Baada ya hapo nani aliurudia naye?

Sisi ndio tuliomtia ndani siku saba kabla ya harusi. Tulimtafutia somo mzuri, wa kulipwa. Alifundishwa singo na liwa, kufukiza udi, kukunja kanga za kitandani, namna ya kumpokea mume. Yote mazuri, hatuyaondoi. Siku saba hizo hakuna jioni hata moja mtu aliyemkalisha akamwambia: mwanangu, ukipata mimba ikatoka, mambo yako ni haya. Tulimfundisha kunukia.

Tukamuuliza kwa nini hakuuliza. Amuulize nani? Waislamu wa pale wapo, si wengi, na ustadhi wa msikiti ni kijana anayekula na mumewe. Angemwambia nini? "Na nyinyi dada," akasema, "mngeniambia miaka yote ile ya chuo imekwenda wapi." Na kweli, tunajijua, tungemwambia hivyo.

Asubuhi tukaenda kwa jirani kumuomba atuonyeshe kile kitabu chake. Hatukumweleza sababu, ni siri ya mdogo wetu (na hapa tumeandika kwa ruhusa yake, amesema labda kuna mwingine anayehesabu arubaini hivi sasa). Mama akafurahi, akapangusa mikono, akatufungulia. Akatuuliza, "Na huko kwenu mwanamke anasoma wapi dini?" Tukajibu kwa kujivuna kidogo. Tukamwambia Unguja kuna darsa za wanawake, kuna maustadhati waliobobea, kuna vyuo kila mtaa. Akatikisa kichwa kwa kupendezwa. Kisha akauliza, wala si kwa ubaya, alitaka tu kujua: "Na akiolewa mbali?"

Tukajidai tunakunywa chai.

Kuna shoga zetu watakaosema, mmekwenda bara mkarudi na mambo ya kanisa. Tumeyasikia tayari, mengine kutoka nyumbani kwetu. Dini yake mama ni yake na yetu ni yetu, na siku zote zile hakuna aliyejaribu kuufuta mpaka huo. Tulichokitamani ni kile chombo, si kilichomo ndani. Na tulipompigia ustadhati wetu tukamsimulia, alicheka akasema mbona hii kwetu ni ya zamani. Wanawake wa Madina walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamwambia wanaume wametuzidi kwako, tutengee siku yetu, akawatengea. Na Bi Aisha, Allah amridhie, aliwasifu wanawake wa Kiansari kwamba haya zao hazikuwazuia kuijua dini yao. Na darsa za magharibi na isha misikitini kwetu, wanaohudhuria si wavuvi na wauza samaki waliotoka kazini? Hatukuhitaji kwenda mpaka Guatemala. Ila tulihitaji kwenda Idodi, inaonekana.

Kuhusu zile sala, ustadhati alimwambia mdogo wetu azilipe taratibu, kila sala na moja ya kadha nyuma yake, asijitese. Aliposikia hivyo kwenye simu alilia, sisi tukadhani ni kwa uzito wa jambo. Baadaye akasema ni kwa sababu ndiyo mara ya kwanza tangu afike kule kuongea na mwanamke jambo hilo kwa jina lake.

Siku nne zilizobaki tulikaa barazani na daftari. Ustadhati anasema, sisi tunaandika. Tulijaza kurasa tatu za somo la kwanza. Mama jirani akaja akatazama kwa mbali jinsi zilivyobanana, akasema, "Wanangu, msimwandikie mengi. Ukurasa mmoja. Atausoma amechoka." Tukakata. Akasema tena, swali la mwisho liwe la kazi. Kwenye twahara tukaweka: andika tarehe za mwezi wako huu, ilipoanza na ilipokatika, na sala ya kwanza uliyosali ni ipi. Jawabu za maswali mengine ziko nyuma ya karatasi, kila kitu kimepitiwa na ustadhati kwa fiqhi yetu ya Kishafii.

Sasa ni miezi miwili. Wako saba. Mdogo wetu Idodi, mmoja Mafinga, mmoja Mbeya mjini, wawili Tanga, mmoja Maskati, na mmoja yupo hapa hapa Fuoni lakini ana mapacha, kwa hivyo umbali wake ni ule ule. Karatasi tunatuma kwa picha za simu, Jumamosi baada ya isha tunapigiana wote na ustadhati. Alikuwepo wa nane. Mumewe alisema simu ya usiku ni ya nini, akatoka. Tunamuombea, na karatasi bado tunamtumia mchana.

Haijakaa sawa, tusiwadanganye. Kile chuma cha pili cha reli, kazi, bado kinatushinda. Kusoma na kujibu wanafanya vizuri, lakini tulipowaambia kila mmoja amtafute mwanamke mmoja jirani yake amfundishe alichosoma, wiki ya kwanza wote saba walirudi mikono mitupu. Wanaona haya, wanasema sisi ni nani? Mdogo wetu peke yake ndiye aliyempata mtu wiki iliyofuata, msichana wa duka la dawa, Muislamu wa Pawaga, kaolewa mwaka jana. Wamesomea stoo, juu ya magunia.

Ametuletea pia habari za mama. Mtihani wa kitabu cha pili amepita, vimebaki viwili. Na wiki iliyopita mchungaji alikuwa safarini, akafa mtoto mchanga kwenye mtaa wao, na mama ndiye aliyesimama kaburini. Mdogo wetu alikwenda kukaa na mfiwa nyuma ya nyumba, kwenye mkeka. Anasema hakusema kitu, alikaa tu.

Mama ametusalimu na anaomba mafuta ya karafuu, magoti yanamsumbua kwa ule mwendo wa Jumamosi. Chupa mbili zimeshafungwa, pamoja na daftari jipya la mdogo wetu, zinaondoka na boti ya Jumatatu.